Mwendo Uliowahi Kushinda

Jumamosi hiyo jengo la maduka la Kitengela lilinuka chipsi na manukato ya bei rahisi. Katikati ya kelele, Mulinge, kijana wa shati jeupe, aliwaita watu wacheze chesi na programu aliyoiunda mwenyewe. Nailantei alikuwa amekuja kununua viatu. Alivaa gauni la hudhurungi na shanga za mamake shingoni, na hakupenda kushindwa na mashine.

"Sijatoa hata mkono, imeshajibu," alilalamika. "Hii inafikiria saa ngapi?"

"Bado haifikirii, madam. Inasoma kitabu. Nimeiwekea maelfu ya mechi za watu. Ikifika mahali inapajua, inaangalia ni mwendo gani ulishinda sana hapo, inaucheza tu."

"Na kitabu kikiisha?"

"Hapo sasa itaanza kufikiria. Utaona ikichelewa."

"Basi nitangoja ichelewe."

Viatu havikununuliwa siku hiyo.

Walikuwa wameshapendana ukame ulipomaliza ng'ombe wa babake Nailantei, mzee Kuntai, kule Kajiado, Mulinge alimwandikia: *Pole mpenzi. Mungu hachukui bila kurudisha. Niko na wewe.* Nailantei alilia, akampigia, akamwambia hajawahi kupewa neno tamu hivyo. Mwaka haukuisha kabla hawajaoana.

Kisha mtoto wao wa kwanza, wa kiume, akazaliwa kimya, bila pumzi, mimba ikiwa ya miezi saba. Mulinge alikuwa kazini Rombo. Nailantei alimwandikia akiwa kitandani hospitalini, na kabla hajaweka simu chini jibu likaingia: *Pole mpenzi. Mungu hachukui bila kurudisha. Niko na wewe.* Alitafuta ule ujumbe wa zamani. Ulikuwa huo huo, neno kwa neno. Aliporuhusiwa kutoka, alienda kwao Kajiado.

"Sweetie, nimekosa wapi?" Mulinge aliuliza kwenye simu.

"Umemlilia mtoto wangu na maneno ya ng'ombe."

"Yale yalikupoza moyo. Niliogopa kusema vibaya, nikarudia yenye yalikuwa yamesaidia."

"Najua," Nailantei alisema, akakata. Alimchukia siku hiyo, wala hakujionea haya.

Jumapili Mulinge alifika, viatu vimejaa vumbi, amekonda. Mzee Kuntai alikuwa langoni mwa boma tupu, akisokota kamba isiyo na ng'ombe wa kufungwa.

"Sema," Nailantei alimwambia akiwa ameketi kwenye benchi la nje. "Lakini usiniambie pole."

Mulinge alipewa chai, akabaki amesimama. Chai ilipoa ikafanya utando. Nailantei alimngoja.

"Kwetu mtoto wa kwanza anapewa jina la babangu," Mulinge alisema mwishowe. "Nilikuwa nimeomba mzee wangu avumilie, nianze na jina la babako. Huyu angeitwa Kuntai."

Nailantei alilia kwa mara ya kwanza tangu hospitalini. Hakusema atarudi Kitengela. Alisogea tu kwenye benchi, Mulinge akapata pa kukaa.

"Litaje tena," alisema.

"Kuntai."

Kule langoni mzee aligeuka, akidhani anaitwa.