Mukamugema Akataa Kutia Sahihi

Habarurema alikuwa seremala wa vitanda huko Ndosho, mjini Goma. Kila asubuhi mke wake, Mukamugema, alimpa kidonge na maji. Kisha walingoja. Baada ya muda mwili wa muzee ulifunguka. Alifunga kamba za viatu, akashika randa, akafanya kazi hadi saa nne. Halafu miguu iliganda, na randa ikabaki katikati ya ubao.

Ugonjwa wake unaitwa Parkinson. Ndani ya ubongo kuna kitu kinachosaidia mwili kutembea. Kwa mgonjwa huyu, kitu hicho kinapungua mwaka hata mwaka. Ugonjwa hauambukizi, wala hauletwi na mchawi. Lakini majirani walisema ni karuho, sumu ya polepole inayowekwa kwenye kinywaji. Mukamugema aliamini. Mwaka mzima hakumruhusu mume wake kunywa hata maji kwa watu.

Alikuwa na sababu za kutoamini watu. Volkano ilipolipuka mwaka 2021, nyumba yao ya upande wa Munigi iliungua. Watu wa misaada walikuja wakiwa na fulana mpya. Waliandika majina, wakachukua alama za vidole, wakaahidi mabati. Mabati hayakuja mpaka leo.

Mwaka uliofuata, waasi walifunga barabara ya Rutshuru. Wakati huo ndipo Daktari Namegabe aliwaita hospitalini.

"Vidonge vinaisha nguvu mapema," alisema. "Tukiongeza, mwili utaanza kujinyonganyonga. Lakini kuna utafiti. Kuna kimashine kidogo, kinafungwa kiunoni. Kinasukuma dawa pole pole chini ya ngozi ya tumbo, mchana na usiku. Tunataka kujua kama inasaidia zaidi kuliko vidonge. Karatasi hii hapa, mukikubali."

Habarurema alinyoosha mkono. Mukamugema aliwahi kalamu, akaiweka mbali.

"Hapana. Juu ya nini munamutaka bwana yangu? Hatuko panya wa kujaribia dawa."

Wakarudi nyumbani.

Jioni Mukamugema alimweleza jirani yao Angèle, ambaye ni muuguzi kwenye kituo kingine cha afya.

"Banataka kumumaliza muzee," alisema.

"Ulikataa?"

"Nilikataa."

"Ulifanya vizuri," Angèle akasema.

Mukamugema alishangaa. Alidhani angegombezwa.

"Mutu hatiaki sahihi kwa kitu hajaelewa," Angèle aliendelea. "Lakini kukataa bila kuuliza, nayo ni kufunga macho. Rudi kule. Omba karatasi ya Kiswahili. Uliza ni nani aliruhusu huo utafiti. Uliza ubaya wake, si uzuri tu. Na uliza kama munaweza kutoka. Daktari akikasirika juu ya maswali, mukimbie."

Walirudi siku ya Jumanne. Daktari hakukasirika. Alitoa karatasi ya Kiswahili na kuonyesha namba ya simu ya kamati iliyoruhusu utafiti, ile inayolinda wagonjwa.

"Ubaya wake ni nini?" Mukamugema aliuliza.

"Ngozi inaweza kuvimba au kufanya kidonda. Wengine wanaona vitu visivyokuwepo. Tena, kimashine hakiponyeshi ugonjwa."

"Na wagonjwa bote batawekewa dawa ndani ya mashine?"

"Hapana. Kuna makundi mawili. La kwanza lina dawa ndani ya kimashine, na vidonge vitupu, visivyo na dawa. La pili lina maji ya chumvi ndani ya kimashine, na vidonge vya kweli. Kompyuta inachagua, kama bahati nasibu. Hata mimi sitajua nani yuko wapi. Lakini hakuna atakayekosa dawa."

"Kwa hiyo unaweza kumutia bwana yangu maji!"

"Ndiyo, mama. Ninawaambia sasa ili musije mukasema niliwaficha."

"Na vita ikifika?"

"Tutakufundisha kutoa sindano ya kimashine tumboni na kumurudisha kwenye vidonge."

"Tukitaka kuacha?"

"Siku yoyote. Tutaendelea kumutunza kama kawaida."

Mukamugema alifungua mdomo tena. Habarurema alimtangulia. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Bote munasema. Hakuna mutu ameniuliza miye."

Daktari alimgeukia. Mukamugema aliinamisha kichwa.

"Miye nakubali," muzee akasema. "Lakini mama atachunga."

Naye alichunga. Kila asubuhi alikagua tumbo la mume wake kama mtu anayekagua maharagwe sokoni. Aliandika kwenye kaye, daftari lake dogo, saa za kutembea na saa za kuganda. Wiki ya pili aliona ngozi imekuwa nyekundu, tena ya moto. Hakungoja. Alipiga simu. Siku hiyo hiyo walihamisha sindano, wakampa muzee dawa ya kidonda.

Miezi mitatu ikapita. Saa za kuganda hazikupungua. Matokeo yalipofunguliwa, Daktari Namegabe alisema, "Muzee alikuwa kundi la maji ya chumvi."

Mukamugema alisimama. "Nilijua! Nilijua!"

"Uliuliza mbele ya kukubali, mama, na nilikujibu," daktari alisema taratibu.

Alikumbuka. Ilikuwa kweli. Akakaa.

Daktari alieleza kwamba wengi wa kundi la kwanza walipata saa nyingi zaidi za kutembea. Watu wawili waliacha kwa sababu ya vidonda. Sasa kila aliyemaliza angeweza kupewa dawa ya kweli, akitaka. Habarurema alitaka. Mukamugema aliuliza maswali mengine tisa, kisha naye akakubali.

Ugonjwa haukuisha. Mkono bado ulitetemeka, na tumbo lilikuwa na vinundu. Lakini muzee sasa alifanya kazi mpaka saa nane, bila kuganda.

Asubuhi moja Mukamugema aliamka. Jua lilikuwa limetoka, na upande wa pili wa kitanda ulikuwa mtupu. Kwa miaka mitatu ni yeye aliyemwinua mume wake kila alfajiri. Alikimbia nje bila viatu, akiita.

Habarurema alikuwa anarudi kutoka nyuma ya nyumba, akitembea peke yake.

"Nani amekutoa kitandani? Ulikuwa wapi?"

"Chooni, mama," alijibu. "Hata huko unataka kunisindikiza?"