Kitabu ya Yaya Annie Iligawanywa

Kila asubuhi, mbele jua ipande muzuri, Orpa alikuwa anabeba kidumu yake ya njano na kwenda kupanga mustari ku pompo. Mustari ya maji ya Dzaleka, kambi yetu ya bakimbizi mu Malawi, haina mchezo. Ukichelewa kidogo tu, unakuta vidumu imefika mpaka karibu na kanisa, na bamama wenye vidumu hawamjui mtu. Orpa alikuwa anachota, anarudi, anafagia mbele ya mulango, anakula nsima ya jana, ugali ya Malawi, kama imebaki, kisha anakimbia ku masomo. Alikuwa darasa ya nane, ile ya mutihani ya kumaliza primere, na kichwa yake yote ilikuwa ku ile mutihani.

Alikuwa anasoma na benzake batatu. Kulikuwa Cadeau, kijana wa mudomo mingi, kulikuwa Douce, mwenye kucheka kila kitu, na Irangabiye, binti Murundi mupole ambaye ukimuuliza jambo anaangalia kwanza chini. Kitabu ya sayansi hawakuwa nayo. Ku masomo iko, lakini ni chache sana, na batoto banaangalia bengi kwa moja, mwenye kukaa pembeni anaona tu kidole ya mwenzake.

Cadeau alikuwa anapenda kumuchokoza Orpa. "Huyu yaya yake iko anasomea uuguzi mu Lilongwe, lakini yeye figo anajua ile ya mbuzi tu, ya kuchoma ku brochette."

Douce alicheka mpaka akashika tumbo. Orpa hakucheka.

Ni kweli, dada yake mukubwa Annie, yaya vile tunasema kwetu, alikuwa ku chuo ya uuguzi mu Lilongwe. Nyumbani Annie alikuwa mtu wa kwanza kufika kule. Mama yao, mwenye kuuza sombe, majani ya muhogo, ku soko ya kambi, alikuwa anasema "mtoto wangu wa chuo" hata mbele ya mtu amekuja kununua sombe tu.

Ijumaa moja jioni Annie alikuja kulala nyumbani, na mu sakoshi yake kulikuwa kitabu kubwa ya mwili ya mtu, yenye picha ya rangi. Orpa aliishika kwa mikono mbili.

"Pole pole," Annie akamwambia. "Unaona hii alama nyekundu? Hii iko moja tu mu biblioteki yetu, na darasa muzima inaingojea. Banaitoa Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi inarudi. Na mwenye kuazima hana ruhusa ya kuipatia mtu mwingine."

"Hata mimi?"

"Hata weye. Angalia nikiwa karibu." Annie akakaa juu ya kitanda. "Mi sina kitambulisho ya Malawi, Orpa. Kusudi banipe kadi, mwalimu mmoja alisimama akasema, kitabu ikipotea muniulize mimi. Alisimamia mimi na Nduwayo, sisi babili tu benye kutoka Dzaleka. Umesikia? Haitoke mu nyumba."

"Nimesikia, yaya."

Jumamosi Annie alienda ku repetisio ya kwaya, kujizoeza nyimbo. Kitabu aliiacha chini ya godoro, imefungwa mu kitenge. Orpa alibaki peke yake, anaosha vyombo, na sauti ya Cadeau ilikuwa inarudi mu masikio. Figo ya mbuzi. Ya ku brochette. Akajiambia atawaonyesha kidogo tu, yaya hajarudi. Akaifunga ndani ya nguo yake, akatoka.

Benzake balikuwa nyuma ya kanisa, fasi yao ya kila siku. Cadeau alipoona ile kitabu, mudomo yake ikafunga, na Orpa akasikia utamu mpaka mu vidole. Lakini utamu haukukawia. Vichwa ine juu ya ukurasa moja, huyu anataka kugeuza, ule hajamaliza, Douce anavuta, Cadeau anavuta.

"Tukivuta hivi tutaipasua," Cadeau akasema. "Tuigawe vile tunagawa syllabus. Kesho mbele ya misa ya pili kila mtu analeta kipande yake, Papa Cishahayo fundi anaishona."

Mtu asiyeishi Dzaleka atashangaa, lakini kwetu kugawa kitabu haiitwe kuharibu. Syllabus, kitabu ya somo, ikifika moja mu kambi, banakata nyuzi ya mugongo na wembe, kila mtoto anachukua kipande, anasoma, anabadilishana na mwenzake, na ku mwisho fundi cherehani anaishona tena. Hata bazazi banasifu. Mwenye kukatala kugawa njo anaitwa mubaya.

"Hii si syllabus," Orpa akasema. "Iko ya biblioteki."

"Na biblioteki iko na kazi gani, si kusomesha bantu?" Cadeau akauliza. "Au unataka kuisoma peke yako?"

Orpa akaangalia mugongo ya kitabu. Ilikuwa ya zamani, imeshonwa na uzi, sawa zile zingine. Akawaza: Jumatatu itakuwa nzima. Nani atajua? Akasema, "Sawa. Lakini kesho mbele ya misa."

Douce alikuwa na wembe. Kazi haikuchukua hata muda. Irangabiye alipata kipande ya moyo na damu. Aliishika sana ku kifua, akamwangalia Orpa kama mtu mwenye neno, kisha akaangalia chini.

"Iko nini?" Orpa akamuuliza.

"Hapana kitu," akajibu. "Murakoze, asante." Akaenda.

Orpa aliingiza jalada tupu mu kitenge na kuirudisha chini ya godoro. Yaya alirudi amechoka, akaona kitenge iko fasi yake, akalala.

Jumapili asubuhi Cadeau alileta kipande yake, Douce akaleta yake. Irangabiye hakuja. Bakangojea mpaka nyimbo ya kwanza ya misa ikaanza. Orpa akaanza kupiga mbio. Ku nyumba ya akina Irangabiye alikuta kufuli mupya, na jirani, mama mmoja wa Kirundi, anaanika nguo ku kamba ambayo haikuwa yake.

"Hao? Bamesafiri," yule mama akasema. "Jina yao ilitoka. Gari imebachukua jana jioni. Banalala mu Lilongwe mpaka Jumanne, kisha ndege. Mi nilijua leo tu."

Hiyo pia iko desturi ya hapa. Familia ikiitwa kwenda kuishi Ulaya ao Amerika, siku ya safari banaificha. Banaogopa wivu, banaogopa mtu apeleke maneno ku ofisi, banaogopa mpaka uchawi. Batoto banaambiwa: ukisema, hatutaenda. Njo maana Irangabiye aliangalia chini. Hangeweza kusema "kesho sitakuwako", na hangeweza kukatala kipande bila bamuulize sababu.

Orpa alisimama pale, jasho inamukauka. Jirani alikuwa amesema Jumanne. Lilongwe si mbali. Angerudi nyumbani na kusema, yaya angejua mulango gani ya kugonga. Lakini kusema ni kusema yote, na wembe pia.

Akapita nyumbani kutoa jalada, yaya akiwa bado ku misa, akaenda kwa Papa Cishahayo. Fundi alivaa miwani yake, akapanga vipande, akashona na uzi nene ya jeans. "Inaonekana nyembamba," akasema. "Yote iko?"

"Njo yote, papa."

"Bon." Hakuuliza kitabu ni ya nani. Ku meza yake vilikuwa vinapita vitabu kila wiki.

Usiku ule, kitabu imeisha kurudi mu kitenge, Annie alipanga sakoshi yake, akauliza kama kuna mtu aligusa kitabu. Orpa alikuwa amegeukia ukuta. Akafanya kama amelala.

Simu ililia Jumatano. Mama alikuwa anatwanga sombe. Alisikiliza, akaacha muchi, akakaa chini. Orpa alisikia sauti ya yaya ndani ya ile simu ndogo, sauti ya mtu aliyelia mpaka akamaliza.

Ku chuo baliona uzi ya jeans. Bakafungua, bakakuta moyo na damu haiko. Kule kuna banafunzi benye kuiba kurasa mbele ya mutihani kusudi benzao bakose, na njo jina balimupatia Annie: mwizi wa kurasa. Kadi bameichukua. Ijumaa kikao itaamua kama anabaki ku chuo ao anafukuzwa. Mwalimu aliyemusimamia alikuwa ameitwa pia.

"Mi sikufungua hata nyuzi," Annie alikuwa anasema. "Mama, naapa, sijui."

Mama akageuka. Hakupiga kelele. "Orpa. Unajua kitu?"

Kulikuwa bado fasi ya kusema hapana. Cadeau hangesema, Douce hangesema, Irangabiye alikuwa tayari mu ndege, juu ya mawingu. Orpa akaangalia mikono ya mama yenye majani ya sombe, na hapana haikutoka. Akasema kitabu, wembe, na kipande iliyoenda na Irangabiye. Alipomaliza, mama alishika tu kichwa. Afazali angemupiga.

Ijumaa, mama na Orpa, na karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini mu mukono, balienda Lilongwe. Mu ofisi ya maktaba kulikuwa Madam Mbewe, mukubwa wa vitabu, na yule mwalimu aliyemusimamia Annie, na Annie mwenyewe amekaa ku kona, macho nyekundu. Hakumwangalia Orpa. Orpa alieleza kwa Chichewa ya masomo, mara ingine maneno inamukosea, anaanza tena.

Madam Mbewe alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mukali, na hiyo njo ilikuwa mubaya zaidi.

"Huyo rafiki yako, banaweza kumupata?"

"Simu ya mama yake haipite tena, madam."

"Balipanda ndege lini?"

"Jumanne."

"Na wewe ulijua lini kipande haiko?"

Orpa akageukia mama. Mama pia alikuwa anangojea jibu. Hiyo sehemu Orpa hakuwa amemwambia.

"Jumapili," akasema.

"Jumapili," Madam Mbewe akarudilia. "Balikuwa hapa mujini, Jumapili na Jumatatu muzima. Ningetuma dereva wetu. Kitabu ingekuwa imekatwa, ndiyo, lakini ingekuwa yote." Akaiweka ile kitabu mbele yake na kuibonyeza na kiganja. "Na haiuzwe tena. Nimetafuta."

Bakaambiwa batoke bangojee. Batatu bao balikaa ku benchi ya kolidoo. Banafunzi balikuwa banapita, bengine banamwangalia Annie, kisha banaangalia ukuta.

Uamuzi ilikuja kabla ya saa ya chakula. Neno mwizi limefutwa, na Annie anabaki ku chuo. Hiyo njo habari nzuri, na iliishia pale. Kitabu ilitoka mu mikono ya mwenye kuazima, na sheria ya hiyo iko moja: hataazima tena mpaka amalize masomo. Anaweza kusoma ndani ya maktaba, kama imefunguliwa.

Kisha mwalimu akasema yake, pole pole, kama mtu amebeba kitu kizito. "Annie, nakuamini. Lakini siwezi tena kusimamia kitabu zenye kwenda fasi siwezi kuziona. Naondoa jina langu. Kwako na kwa Nduwayo."

"Nduwayo hakufanya kitu, mwalimu," Annie akasema.

"Najua," mwalimu akajibu.

Orpa alitaka kusema pole, lakini Nduwayo hakuwako pale wa kumuambia pole, alikuwa mu darasa, hajui bado.

"Mutoto," Madam Mbewe akamuita Orpa balipokuwa banasimama. "Kwenu munagawana. Hiyo si mubaya, mungekuwa munasoma namna gani? Lakini muligawa zamu ya bantu bengine. Darasa muzima ilikuwa nyuma ya ile kitabu, na hakuna aliyeulizwa."

"Ndiyo, madam."

"Wa kuuliza alikuwa ndani ya nyumba yenu."

Ku nje, Annie alisema anaingia maktaba, juu ya siku zingine masomo inaishaka saa tisa na maktaba inafunga saa kumi, hawezi kupoteza hata leo. Mutihani yake ya moyo na damu ilikuwa karibu. Mama na Orpa hawakuruhusiwa kuingia. Balikaa ku ngazi, jua inabafuata. Mama alifungua kipande ya muhogo, akakata, akamupatia Orpa nusu. Balikula.

"Mama, umekasirika?"

"Nimechoka." Mama akafuta mikono ku kitenge. "Sikiliza. Kuikata ilikuwa kosa ya batoto, hata mi ningeweza kuifanya. Lakini Jumapili ulikuwa na ukweli mu kinywa na ukalala nayo. Leo umeisema, na imeokoa jina ya dada yako. Nashukuru Mungu. Ungeisema siku ile, ingeokoa kadi yake, na ya Nduwayo, na kitabu ya benzake. Ukweli iko na siku yake, Orpa. Ikipita, inakuja bado, lakini inakuja mikono mitupu."

Orpa akakusanya makombo ya muhogo.

Saa ya kufunga, mulango ilifunguliwa na banafunzi bakatoka, moja moja, mbili mbili, kila mtu na kitabu chini ya mukono. Annie alitoka wa mwisho. Hakuwa amebeba kitu. Alishuka ngazi mpaka pale balipokaa, akasimama mbele ya Orpa.

"Mumekula?" akauliza.

"Tumekula," Orpa akasema.

"Bon. Endeni, giza isiwakute ku njia."