Shati la Vipepeo

Jioni ile nilitoka kwenda uani na sahani ya ndizi zilizooza. Mtu mzima, kitambi mbele, kandambili miguuni, nakwenda kubembeleza wadudu.

Najua mmezoea kunicheka. Ndiyo kazi yangu. Ukumbi mzima naweza kuuvunja mbavu kwa kukohoa tu. Lakini mke wangu alinishinda. Alikwenda hospitali na mimba, akarudi na mkoba. Tangu hapo alikuwa wa kitandani, pale dirishani, uso kaugeuzia uani. Kila kichekesho nilichompa alikipokea kama mtu anayepokea risiti.

Aliomba kitu kimoja tu.

"Natamani nione vipepeo."

Basi nikapanda maua. Mekundu, ya njano, ya zambarau. Nikatandaza mchanga wenye maji kwenye sinia, wapate pa kunywa. Nikaacha matunda yaoze mpaka nzi wa mtaa mzima wakahamia kwetu na familia zao. Kipepeo? Hata aliyepotea njia.

Ng'ambo ya michongoma, kwa Fundi, walijaa mpaka wanagongana.

Fundi ni jirani yetu, mwanamke mshona nguo, mguu mmoja mfupi, mdomo umejaa pini. Tulichukiana bila kuficha. Msimu ule wote nilikuwa namwigiza jukwaani: nachechemea, natafuna pini, nampima mteja kwa jicho kama ng'ombe wa mnada. Watu hoi. Siku moja alikuja mwenyewe, akakaa mstari wa mbele. Hakucheka. Hakuondoka.

"Shikamoo, jirani," nikamwita juu ya michongoma.

Pini moja ikahama kutoka pembe moja ya mdomo kwenda ya pili.

"Leo umefuata nini," akasema, "sauti au mguu?"

"Vipepeo. Mgonjwa wangu anawataka."

Akanitazama mabegani. Muda mrefu. Usoni hakunitazama hata kidogo.

"Maua ni mapambo tu," akanong'ona. "Wangu hawafuati maua. Wanafuata chumvi ya mtu. Una shati lenye jasho?"

Hapo alinipata. Sisi wa jukwaani hatufui nguo ya kazi mpaka msimu uishe. Ukiifua, umefua na vicheko. Shati langu lilikuwa limekauka chumvi mpaka kwapani limechoreka kama ramani.

"Litundike kwenye fito, usawa wa mabega yako. Funga vifungo vyote. Mpaka cha juu."

"Na kulitoa?"

Akatema pini kiganjani, moja moja.

"Litatoka lenyewe."

Nikacheka. Nilidhani na yeye ameanza kujifunza kazi.

Nikalitundika mbele ya dirisha la mgonjwa. Kesho yake mchana wakaja.

Weupe, weusi, wa rangi ya kutu. Hawakugusa ua hata moja. Walitua kwenye kola, kwapani, mgongoni, wakazamisha mirija yao kwenye kitambaa. Mke wangu akainuka kitandani mwenyewe, bila kushikwa. Akaweka viganja kwenye kioo.

"Mume wangu... njoo uone."

Nikaja. Nikataka kumtania, nimwambie hao ndio mashabiki wangu wa kweli. Nikafungua kinywa. Kichekesho hakikuwepo. Ulimi ulikuwa mkavu kama gunzi, nimechoka kama niliyemaliza maonyesho ya wiki nzima kwa siku moja. Nikasema ni jua.

Jua lenyewe likaanza kuzama. Kipepeo huondoka mwanga ukipungua, hata mtoto anajua. Hawa hawakuondoka.

"Nakwenda kulitoa," nikamwambia mke wangu.

"Liache kidogo," akasema. Macho hayakubanduka kwenye shati.

Nilitoka. Uani palinuka jasho langu, poda ya jukwaani na kitu kitamu kilichooza, ambacho hakikuwa ndizi. Walikuwa wamelifunika shati lote. Wanafungua mbawa, wanafunga. Wote pamoja. Taratibu... taratibu... kama kifua.

Shati lilikuwa linapumua.

Nikarudi nyuma, nikakanyaga sinia, nikaanguka chali. Sikuchekesha mtu. Nilipoinua kichwa, fito ilikuwa tupu.

Mlango wa jikoni ukafungwa.

Kwa ndani.

Kisha nikasikia sauti inayosimulia kile kisa changu cha kinyozi na mteja mwenye upara. Sauti yangu. Inasita pale ninaposita, inapumua pale ninapopumua. Na baada yake, kitu ambacho nyumba ile ilikuwa imekisahau.

Mke wangu alikuwa anacheka.

Nikakimbilia dirishani. Mtu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kanipa mgongo. Vifungo vimefungwa mpaka juu, kola imekaza. Juu ya kola, shingo. Ngozi ya shingo ilikuwa inafunguka na kujifunga. Inafunguka na kujifunga.

Nikaita. Ikatoka pumzi tu.

"Usimharibie onyesho," mtu akanong'ona nyuma yangu.

Fundi. Alikuwa kasimama upande wa pili wa michongoma, mdomoni hamna pini hata moja.

"Mwambie atoke," nikasema kwa kile kisauti kilichobaki. "Nakuomba, dada yangu."

"Leo nimekuwa dada." Akachungulia dirishani, kichwa kakiinamisha, kama anavyotazama kazi iliyokwisha. "Ulinivaa mimi msimu mzima, nikakaa nikatazama. Na wewe tazama." Akalipima lile shati kwa jicho. "Limemkaa vizuri."

Akaenda zake, mguu wake unaburuta kwenye majani makavu.

Nikagonga kioo kwa kucha.

"Mke wangu," nikanong'ona. "Nifungulie."

Akageuka. Machozi ya kicheko bado yalikuwa mashavuni. Akanitazama usoni, akashuka kwenye kitambi, mpaka kwenye kandambili moja iliyobaki mguuni. Akamtazama yule wa kitandani, akakawia pale shingoni. Akarudi kwangu.

Alijua yupi ni yupi. Hilo hamnidanganyi.

Kipepeo mmoja akachomoka kwenye kola, akatua shavuni pake, akaanza kunywa. Hakumfukuza.

Akanyoosha mkono, polepole, huku macho yangu yakiwa ndani ya macho yake.

Akavuta pazia.