Kishaka na Mwizi wa Karata

Kishaka kilikaa mlangoni pa msiba kama mkwe asiyetakiwa, kikiwamulika waombolezaji mmoja mmoja kwa jicho lake moja.

"Mama, hayo machozi nina shaka nayo," kikamwambia mama mmoja.

Na kweli, alikuwa nakala: mashine yenye sura na sauti ya mtu, na mtu mwenyewe kabaki kwake anatazama mpira. Miaka hiyo pale Morogoro watu walituma nakala harusini, vikaoni, hata misibani, na nakala zililia vizuri kuliko wafiwa.

Kishaka, kidude kisichozidi sufuria ya ubwabwa, kilibuniwa na Mhandisi Zamda Mkude, binti wa marehemu. Alikifundisha jambo moja: kitilie shaka kila kilicho mbele yake mpaka kipate kisichoweza kutiliwa shaka, hapo kiwashe taa ya kijani. Tangu asubuhi taa ilikuwa nyekundu. Kilimtilia shaka shehe. Kikaitilia shaka pilau, kikasema huenda ni ndoto tu. Walaji wakajibu basi wasiamshwe.

"Na mimi je?" Zamda akakiuliza.

"Mimi natia shaka, kwa hiyo angalau nipo. Wewe siwezi kukuthibitisha."

Zamda akainamisha kichwa. Ili amalize kukiunda hicho Kishaka, miezi yote ya ugonjwa wa baba yake alimpelekea nakala yake imlishe uji, icheze naye karata na kumshika mkono. Sasa alijiuliza jambo moja: je, mzee alikufa akidhani ule mkono wa mpira ni wa mwanawe?

Mara akaingia Bi Nyanzobe, jirani yao Mnyamwezi, mtani wa Waluguru kina Zamda, mwenye ruhusa ya kuchekesha hata mbele ya jeneza. Amevaa koti la marehemu na kofia yake, kaipindisha vilevile upande. Akakohoa kikohozi cha mzee, akajitupa mkekani.

"Wewe Zamda wa bandia!" akanguruma kwa sauti ya marehemu. "Mbona umeshindwa na unatabasamu? Mbona huibi karata? Mwanangu mimi mwizi wa karata toka ana meno ya utoto! Toka hapa, kalete uji!"

Msiba ukalipuka kwa kicheko. Shehe mwenyewe alijifuta macho. Nakala tu ndizo zilizoendelea kulia kwa adabu, na kina mama wakaanza kufinyana: kumbe na shangazi naye ni bandia!

Zamda hakucheka. "Mtani, ina maana alijua?"

"Toka siku ya kwanza, Mluguru usiye na haya wewe."

"Akaumia?"

Bi Nyanzobe akavua kofia kwanza. "Aliumia, mwanangu. Toka siku hiyo, kila jioni alikugawia karata zako, akazifunika. Akamwambia yule wa mpira, 'Usiguse, zina mwenyewe.' Kisha akacheza pande zote mbili, wako na wake. Alipoona huji, akaanza kukuibia."

Akaikung'uta ile kofia. Karata moja, ree ya shupaza, ikadondoka kutoka kwenye bitana.

Hapo Zamda alicheka, akalia, kamasi na machozi vikachanganyika, na mhandisi mzima akajipangusa kwa pindo la kanga ya jirani.

"Baba mwizi!" akasema. "Baba mwizi mkubwa!"

"Ulidhani umejifunza wapi? Kaa hapa, tumchezee karata zake."

Bi Nyanzobe akagawa karata juu ya mkeka. Wakacheza, waombolezaji wamewazunguka, kila mtu anafundisha na hakuna anayesikilizwa. Mtani alipogeuka kupokea kahawa, Zamda akatelezesha karata moja chini ya goti lake.

Mlangoni, kwa mara ya kwanza siku ile, taa ikawaka kijani.

"Huyu ndiye mwenyewe," Kishaka kikatangaza kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. "Chungulieni chini ya goti."