Kompyuta Kwenye Sinia

Kila asubuhi Wahida alifagia kibaraza, akanyunyiza maji, akawasha mashine tatu. Kisha alikwenda kunywa chai. Haraka ya nini? Mashine zenyewe ziliamka kama mwanafunzi siku ya mtihani wa hesabu: kwa shida na kwa kulalamika.

Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya ami yake, Mzee Mbaruk, Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Asubuhi Wahida alichapa barua, kadi na mitihani ya shule. Jioni alimwachia kiti kaka yake, Sufiani, ambaye aliwachezesha vijana gemu ya mpira. Asubuhi palikuwa kimya kama ofisini. Jioni palikuwa na kelele kama mnadani.

Mashine ikigoma, aliitwa Dadi. Dadi alikuwa fundi simu, mtu wa watu, mwenye flashi moja nyekundu. Ndani ya flashi ile mlikuwa na Windows ya kuchakachua, yaani iliyovunjwa kufuli ili isilipiwe. Flashi ilizunguka mtaa mzima kama mbuzi ya kukunia nazi. Leo nyumba hii, kesho nyumba ile. Mashine nzito? Piga Windows. Mashine imezima? Piga Windows. Mtoto kamwagia uji? Piga Windows!

Mashine ilikuwa nyepesi kwa muda. Halafu ugonjwa ulirudi. Na kila ikipigwa upya, kazi za watu zilifutika.

Jumatatu moja Mzee Mbaruk alikuja kuchukua kadi za mwaliko. Alikuwa anaandaa hitma, kisomo cha kumwombea marehemu mama yake. Wahida alikuwa ameziandika kwenye laptop, bado kuzichapa tu. Akaiwasha. Kioo kikawa cheusi. Akaizima, akaiwasha tena. Cheusi.

"Shikamoo ami," alisema Wahida, ingawa alikuwa ameshamwamkia.

"Marahaba ya pili. Kadi ziko wapi?"

"Zimo ndani, ami. Mashine ndiyo haitaki kufunguka."

Mzee Mbaruk alimwita Sufiani kutoka ndani, akakaa kwenye kiti cha wateja. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Sikilizeni, wanangu. Mwezi uliopita mlipoteza mitihani ya mwalimu. Leo hitma ya bibi yenu. Jumamosi Ausi anakuja kukipima chumba hiki. Anataka kukipanga auzie magodoro. Magodoro hayapati virusi."

"Yanapata kunguni," alisema Sufiani kwa sauti ya chini. Haikuwa ya chini vya kutosha.

"Jumamosi," alisema mzee. "Nikikuta mashine zinafanya kazi, mtabaki. Nikikuta zimegoma, funguo mezani."

Akaondoka. Wahida na Sufiani walitazamana. Jumamosi hiyohiyo vijana wa Mlingotini, kijiji cha jirani, walikuwa wanakuja kushindana gemu na vijana wa mtaani.

Dadi hakuchelewa. Aliingia akitabasamu, flashi nyekundu mkononi. "Poleni. Leteni mgonjwa nimpige Windows."

Wahida akaifunika laptop kwa viganja viwili. "Leo hapigwi mtu Windows."

"He! Kwa nini?"

"Kadi za bibi zimo humu. Ukipiga, zinafutika. Na ugonjwa utarudi, maana kila siku unarudi."

"Sasa utafanyaje, dada? Utaisomea dua?"

Wahida alitazama nje, nyumba ya pili. Taa za rangi za harusi zilikuwa bado zinaning'inia. Mle ndani alikuwamo Hanadi, aliyecheza naye kombolela tangu utotoni. Hanadi alisomea kompyuta Dar es Salaam, na sasa anafundisha chuo cha ufundi. Tatizo ni kwamba aliolewa Ijumaa. Alikuwa fungate, zile siku saba za ndani. Hatoki, hashiki kazi, na mlangoni amekaa somo wake, Bi Kulthum, anayemfunda na kumwamulia kila jambo.

"Huwezi kumwona," alisema Sufiani. "Kinachoingia mle ni chakula tu."

Wahida aliinuka. Kisha akauliza, "Sinia letu kubwa liko wapi?"

Bi Kulthum alipokea sinia lililofunikwa kawa. Akalipima uzito. Akafunua kidogo.

"Mkate gani huu wa kumimina, mweusi, wenye waya?"

"Shikamoo Bi Kulthum. Ni kompyuta."

"Marahaba. Irudishe jikoni kwenu. Biharusi hashiki kazi."

"Hatashika, Bi Kulthum. Atasema tu. Nitashika mimi."

Bi Kulthum alifikiri. "Kusema sikumkataza. Hata ningemkataza, asingesikia. Pita."

Hanadi alikuwa amekaa kitandani, mikono imechorwa piko mpaka kwenye viwiko. Alipoiona laptop, uso ulimng'aa kuliko siku ya harusi. Kwa bahati bwana harusi alikuwa amekwenda msikitini, hakuiona ile furaha.

"Shoga! Nilikuwa nakufa kwa kulala. Inaumwa nini?"

Wahida akaeleza. Dirishani, kwa nje, ikasikika sauti ya Sufiani. "Mwambie na gemu ni nzito!"

"Nani huyo?" aliuliza Bi Kulthum.

"Ni mbu, Bi Kulthum," alisema Hanadi. "Shoga, fungua pochi yangu. Kuna flashi nyeupe."

"Biharusi gani anakaa fungate na flashi?" alishangaa Bi Kulthum.

"Ndani yake mna mfumo endeshi unaoitwa Linux. Huu ni wa aina ya Linux Mint, mwepesi kwa mashine kongwe."

"Mfumo endeshi ndio nini?" aliuliza Wahida. "Mimi nimezoea kubonyeza tu."

Hanadi alimtazama Bi Kulthum. "Ndiye somo wa kompyuta. Kioo, printa, gemu, barua, vyote vinamsikiliza yeye. Asipokuwepo, kompyuta imekaa tu, haijui ifanye nini. Windows ni somo mmoja. Linux ni somo mwingine."

Bi Kulthum akakaa vizuri. "Sasa kompyuta naanza kuielewa."

"Na huyu wa kwenye flashi ya Dadi?" aliuliza Wahida.

"Yule aliingia kwa kuvunja mlango. Hujui aliyemvunjia alimbebesha nini. Hapo ndipo virusi wanapojificha. Linux ni mfumo huria. Ni kama mkeka. Ukitazama unaona ukili ulivyosukwa. Anayejua kusuka anaweza kurekebisha, kuongeza, kumpa jirani. Hakuna kufuli, kwa hiyo hakuna cha kuvunja. Kunakili ni halali."

"Bure?"

"Bure. Haya, chomeka. Washa, halafu bonyeza F12 harakaharaka. Mashine nyingine hutumia kitufe kingine, itakuandikia yenyewe. Chagua flashi."

Kioo kikawa cheusi. Wahida akafumba macho. Alipoyafumbua, aliona rangi ya kijani, na kitufe cha menyu pale chini.

"Imefunguka! Umeshafuta kila kitu?"

"Sijafuta hata herufi. Sasa hivi tunaonja tu. Mfumo unatembea kutoka kwenye flashi. Diski yako iko vilevile. Fungua lile folda. Tafuta kazi zako."

Wahida akatafuta. Barua. Mitihani. Kadi. Ile pale: mwaliko wa hitma, na jina la bibi yake.

Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Zipo!"

"Zipo?" Dirishani mbu alipiga ukelele.

"Nakili kwanza," alisema Hanadi. "Barua, picha, mitihani, kadi, vyote weka kwenye diski yangu ya nje, nayo imo humohumo kwenye pochi. Programu usinakili, ndizo zenye maradhi. Ukishanakili, fungua hapohapo kwenye diski uhakikishe. Watu wengi wanaruka hapa, halafu wanalia."

Wahida akahakikisha. Kisha akaiona alama ya kusimika mfumo, yaani kuuweka ndani ya mashine moja kwa moja.

"Sasa sikiliza. Ukibonyeza hapo, utaulizwa maswali. Ukichagua kufuta diski, Windows na kila kilichomo kitaondoka. Hakuna kurudi. Soma kila ukurasa kabla ya kubonyeza. Unataka?"

Wahida alifikiri juu ya chumba, kiti chake, na magodoro. "Nataka."

Alisoma polepole, kwa sauti. Bi Kulthum aliitikia kila ukurasa kama yuko madrasa. Mara mbili Hanadi alinyoosha mkono kutaka kubonyeza. Mara mbili Bi Kulthum aliupiga kofi. Kabla chai ya jioni haijamiminwa, laptop iliwaka yenyewe, bila flashi.

"Gemu!" sauti ya dirishani ilikumbusha. "Mpira wangu je?"

Hanadi alipaza sauti. "Sufiani, sikudanganyi. Mpira ule wa kuchakachua haurudi. Gemu nyingi za Windows zinachezeka humu, kupitia duka la gemu liitwalo Steam. Lakini si zote. Zile za mtandaoni zenye mlinzi wa kuzuia udanganyifu, baadhi zinakataa Linux kabisa. Uliza kabla ya kununua. Na mashine zenu ni kongwe, gemu kubwa zitazishinda hata kwa Windows."

"Kwa hiyo Mlingotini wakija watacheza bao?"

"Watacheza mbio za magari. Fungua menyu, tafuta duka la programu, andika SuperTuxKart. Ni gemu huria, bure, nyepesi. Wawili wanaweza kushindana kwenye kioo kimoja."

"Magari ya pengwini yale? Ya watoto?"

"Basi nenda ukalale kwenye magodoro ya Ausi," alisema Wahida.

Usiku ule Mzee Mbaruk alipata kadi zake. Alizishika kwa mikono miwili, akazisoma moja hadi mwisho. "Ahsante, mwanangu," alisema. Kisha akaongeza, "Jumamosi iko palepale."

Mashine mbili za mezani zilibaki. Hizi Wahida hakuzipeleka kwenye sinia. Alinakili, akahakikisha, akasoma, akabonyeza. Ya kwanza ikakubali. Ya pili ikagoma kuiona flashi. Akajaribu tundu la nyuma. Ikagoma. Akajaribu kitufe kingine. Ikakubali.

Printa iliunganika yenyewe. Skana ilikataa. Akampigia Hanadi, simu ikapokewa na Bi Kulthum.

"Biharusi amelala. Umeanzisha upya?"

"Bado."

"Anzisha upya. Hilo nimeshalikariri."

Akaanzisha upya. Skana ikanguruma. Lakini barua za zamani, zilipofunguliwa kwa LibreOffice, programu huria ya kuandikia, nyingine zilihama mistari. Wahida alizipanga upya, akajizoeza kuzihifadhi kama PDF kabla ya kuchapa. Kidole kilitafuta vitufe mahali vilipokuwa zamani. Alikosea, akarudia. Sufiani naye alikosea kona ileile ya gemu, akarudia, mpaka akaacha kuiita ya watoto.

Jumamosi ilifika. Vijana wa Mlingotini waliingia kwa kishindo. Mkubwa wao, Abdulrazak, alitazama kioo.

"Mpira uko wapi? Mmetuita tuje kuendesha pengwini?"

"Unaogopa pengwini?" aliuliza Sufiani.

Abdulrazak akakaa. Kona ya kwanza akaingia majini. Ya pili akarushiwa keki usoni. "Rudia!" akasema. "Hiyo sikuwa tayari. Rudia!" Hapo wenzake wakaanza kupigania kiti.

Katikati ya kelele, Mzee Mbaruk aliingia na Ausi, futi kamba mkononi. Ausi alitafuta ukuta wa kupima. Kila ukuta ulikuwa na mgongo wa mtu.

"Nitasubiri wapungue," alisema. Kisha akamgeukia Wahida. "Binti, kwa vile nipo, unaweza kunichapia bango? Limo kwenye flashi hii. Duka la kwanza lilikataa, wanasema flashi yangu imejaa virusi."

Wahida aliichomeka. Yalitokea majina ya ajabu ya virusi vya Windows. Hakuyafungua hata moja. "Hapa kwangu hawapati pa kushika," alisema, "ila usiichomeke kwenye mashine ya mwenzio. Nikishachapa nitakusafishia." Akafungua bango, akalipanga, akachapa. Lilitoka kubwa, la rangi: MAGODORO YA AUSI, TUMEHAMIA HAPA.

Ausi alilifurahia. "Safi kabisa! Mzee, nilibandike mlango upi?"

Mzee Mbaruk alizungusha macho chumbani. Alimtazama Wahida, aliyekuwa anakunja waya bila kuinua uso. Akatazama mashine tatu, zote zinawaka. Akatazama bango, ambalo lisingechapwa kama chumba kingekuwa na magodoro.

"Ghala langu la nyuma lina mlango mpana," alisema. "Magodoro yatapita vizuri. Hapa pana watu."

Wahida aliketi. Sufiani akashangilia, na hapohapo akaingia majini.

Fungate ilipokwisha, Hanadi alikuja dukani kwa miguu yake. Alimkuta Dadi kwenye kiti cha wateja, na flashi nyekundu imechomekwa kwenye laptop.

"Anapigwa nani Windows?" aliuliza.

"Hapigwi mtu," alisema Wahida. "Tumeifuta. Naiandikia Linux Mint. Fatu wa nyumba ya jirani na msikiti anaisubiri, halafu shule ya msingi, halafu Bi Kulthum."

"Bi Kulthum ana kompyuta?"

"Kanunua jana. Anasema atasimika mwenyewe, wewe usiguse."

Ilipokamilika, Dadi akaichomoa flashi, akaifuta kwa shati, akaitia mfukoni. Ikaanza tena kuzunguka mtaani, nyumba hii hadi nyumba ile, kama zamani. Tofauti ni kwamba sasa Dadi aliitoa hadharani, hata mbele ya polisi, na hakuna mwalimu aliyepoteza mtihani.