Nani Ametia Sumu Majini?

Mimi Teresina nimechoka na mume wangu. Kila asubuhi nachota maji kwenye pampu hapa mtaani kwetu Mangateen, najaza pipa, napika. Severino anakaa kwenye kiti, anailalamikia serikali.

"Imeleta chupa za sayansi shuleni. Sasa inalipa hata mwalimu wa maigizo," alisema. "Sisi tunataka usalama, wao wanaleta michezo."

Wiki hiyo mtoto wetu Emma aliharisha hadi akashindwa kusimama. Watoto wa majirani wanaokunywa maji kwetu pia. Severino akapata jibu lake.

"Ni Koang, yule mlinzi wa pampu. Anatoka kule kambi ya wakimbizi. Ametia sumu."

"Umemwona?" nikamuuliza.

"Kila mtu anasema. Khalas, yamekwisha."

Kila mtu! Jamani, huyu mwanamume. Alichukua panga, na wenzake walikuwa wanamngoja nje. Nilimzibia mlango, nikamwita jirani yetu, ustaza Amou, anayefundisha sayansi.

Amou alikuja na chupa ndogo mbili.

"Serikali ilitupatia hizi ili wanafunzi wajifunze kupima maji," alisema. "Hii nitaitia maji ya pampu. Hii, maji ya pipa lenu. Yenye uchafu wa choo yatageuka meusi. Ngojeni hadi kesho. Emma mpeni maji yaliyochemshwa, yenye sukari na chumvi kidogo."

"Na Koang akikimbia?" Severino akauliza.

"Akikimbia, atakuwa amekimbia panga lako."

Kesho yake wanaume wote walikuja kutazama. Maji ya pampu hayakubadilika. Ya pipa letu yalikuwa meusi tii.

Severino alikitazama kikombe chake. Kila siku anakichovya ndani ya pipa bila kunawa mikono. Nimemwambia mpaka mdomo umechoka.

"Askari wangefika damu ikiwa imeshamwagika," Amou alisema. "Chupa imewahi."

Tulisugua pipa, tukalifunika, tukanunua kata yenye mpini mrefu. Sasa tunanawa kwa sabuni na tunachemsha maji ya kunywa. Emma anacheza tena.

Lakini majirani wengine hawakutaka kusikia habari za chupa. Basi wanafunzi wa maigizo walicheza kisa chetu pale pampuni. Koang alijiunga nao, akaigiza mwanamume mkali anayetaka kumuua jirani yake. Watu walicheka, halafu wakaanza kuuliza habari za chupa.

Panga alilolishika lilikuwa letu. Severino mwenyewe ndiye aliyempa.