Bamba Bichi la Kimamba

Vumbi lilikuwa jekundu, na ndani ya vumbi hilo alikuwamo Yassin.

Octavian alikanyaga mafuta. Land Cruiser ikanguruma, ikaruka korongo, ikatua kwa kishindo kilichomgonganisha meno. Mbele yake Land Rover ya kijani ilikuwa inayumba barabarani, mwendo wa mtu anayekimbia deni au dhambi.

Safari hii hachomoki.

Kwa miezi mingi Octavian alikuwa amemtafutia mtu huyu kosa. Kosa lolote. Hata la kuendesha gari bila taa lingemtosha. Leo amepewa wizi wa siri ya serikali, tena mchana kweupe, na alikuwa anaona aibu jinsi alivyofurahi.

Redio ikakoroma.

"Ngiri, Ngiri, hapa Kituo. Toa taarifa. Ova."

"Kituo, Ngiri hapa. Nimeshakipita kijiji cha Ulaya, naelekea Mikumi. Mtuhumiwa yuko mbele yangu. Ova."

"Mtuhumiwa yupi? Ova."

"Yassin, mama. Msimamizi wa karakana. Ova."

Bi Hildegarda, mkuu wa kitengo cha usalama kule Dar es Salaam, hakuwa mtu wa kuzungushwa.

"Ngiri, nakuuliza kama mama yako. Hilo ni la kazi au la moyo? Ova."

"La kazi, mama. Ova na nje."

Alidanganya nusu. Nusu nyingine aliificha chini ya kiatu, akakanyaga tena mafuta.

Ulikuwa mwaka ambao mashamba ya umma yalikuwa yananadiwa mithili ya mitumba, na kila mgeni mwenye mkoba alikuwa anaitwa mwekezaji. Kimamba walimpata Kessler. Alinunua shamba la mkonge ambalo mashine zake zilikuwa na kutu, akajenga ofisi yenye kiyoyozi, na katika muda wote huo hakukata hata jani moja.

Sababu Octavian aliijua. Jirani na ofisi ile, ndani ya banda kuukuu lililokuwa likisindikiwa mkonge, serikali ilikuwa na karakana isiyo na kibao. Aliyeiongoza alikuwa mhandisi Letisia.

Letisia alikuwa akichukua nyuzi za mkonge, anazichoma bila hewa mpaka zinakuwa nyuzi za mkaa. Anazipanga safu juu ya safu, kila safu ikikatiza mwenzake. Anazinywesha uji wa udongo mweupe na unga wa mawe, anazikandamiza kwenye umbo la kifua cha mtu, anakausha taratibu, kisha tanurini. Linatoka bamba jepesi ambalo risasi inalipiga na kuishia hapo.

Bamba lililoiva halina umbea. Livunje upendavyo, utaona jiwe tu. Lakini bamba bichi, lililokauka nusu, linasema kila kitu. Mtaalamu akilipata anabandua safu moja moja na kuona nyuzi zimelazwa wapi, uji umechanganywa vipi. Akimaliza anajiandikia kwamba uvumbuzi ni wake, na Letisia atalazimika kuomba ruhusa kutumia kazi ya mikono yake mwenyewe.

Asubuhi hiyo bamba bichi moja lilikuwa limetoweka kutoka chumba cha kukaushia. Saa hiyohiyo Yassin naye akatoweka na Land Rover, bila kuaga.

Octavian hakuhitaji zaidi.

Na kwa nini angehitaji? Letisia alikuwa mchumba wake. Octavian ndiye aliyepelekwa kwa wazazi wa binti kule milimani, yeye ndiye aliyekula ugali wa mama mkwe. Kisha kazi ikamwita nje ya nchi, akaondoka bila kusema anakwenda wapi wala atarudi lini. Aliporudi alipangiwa kulinda karakana, na ndani ya karakana akamkuta Yassin na miwani yake ya Ray-Ban. Asubuhi hii tu alisimama mlangoni akimtazama Letisia anavyompangusa Yassin vumbi la udongo begani. Anapangusa, anacheka. Vumbi lenyewe lilishaisha zamani, mkono bado unapangusa.

Octavian alichomoa bastola yake ya Browning, akatoa mkono dirishani.

Pa!

Tairi la nyuma likapasuka. Land Rover ikazunguka, ikaingia kwenye majani marefu, ikazima.

"Toka! Mikono juu!"

Yassin alitoka, miwani imepinda, kinywa kimejaa vumbi.

"Octavian! Una wazimu?"

"Bamba liko wapi?"

"Ninalo mimi? Nilikuwa namfukuza Kessler! Nimeona Pajero yake inatoka mbio kuelekea huku, ndege inamsubiri kiwanja cha Mikumi. Nilikuwa nimebakisha kidogo kumfikia, na wewe umenipasua tairi!"

Octavian alifungua mlango wa nyuma. Jeki. Dumu la maji. Shati la kubadilisha, limepigwa pasi vizuri, na alijua ni pasi ya nani. Bamba hapana.

"Ulitaka niwe mimi," Yassin alisema polepole. "Eti, kaka? Ulitaka sana."

Octavian alifunga mlango. Alikuwa ametaka mpaka macho yakaingia giza, na sasa kazi ya Letisia ilikuwa inakwenda zake kwa ajili ya wivu wake. Alitazama magari mawili, akatazama makorongo waliyoyaruka, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kufanya kazi aliyolipwa kuifanya.

Bamba bichi halistahimili kurushwa. Letisia alikuwa amemwambia hivyo zamani, wakati bado anamweleza mambo. Lazima libebwe taratibu, lifunikwe nguo mbichi, lisitikiswe. Kwenye barabara hii lingekuwa unga kabla ya kufika Ulaya. Haliwezi kuwa kwenye Land Rover. Wala kwenye Pajero ya Kessler.

"Yassin. Kuna chombo gani kutoka pale jirani, Kilosa, kwenda Mikumi kisichorusha mtu?"

Walitazamana.

"Treni ya Kidatu," Yassin alisema.

Walipanda Land Cruiser, Yassin akashika usukani. Kwa udereva alikuwa dereva kweli, na Octavian alikichukia hata hicho. Kilomita kadhaa mbele Yassin alifungua vifungo vya shati kwa mkono mmoja, akavuta mikanda, akatoa kitu cheusi kilichopinda.

"Vaa."

Lilikuwa bamba. Lililoiva, laini, limelainishwa kingo kwa uangalifu ambao Octavian hakuwahi kuuona kwenye mabamba ya serikali.

"La nani?"

"Langu. Tangu waliponirushia risasi kule Kimamba mwezi uliopita, hataki nitoke bila hilo."

Hataki. Kineno hicho kilimchoma kuliko risasi ambayo bado hajapigwa. Alikuwa amezunguka nchi ngapi na kifua kitupu, na hakuna aliyewahi kumkataza.

"Sivai."

"Vaa, kaka. Bastola unayo wewe, utatangulia wewe. Letisia akisikia umekufa mbele yangu, mimi nitaishi naye vipi?"

Octavian alivaa, kwa hasira. Bamba lilikuwa limepimwa kwa kifua cha Yassin. Kwake lilibana.

Treni ilikuwa imeshasimama walipofika stesheni ya Mikumi. Abiria walikuwa wanashuka na magunia, wauza ndizi wanapiga kelele madirishani. Kando, kivulini, ilikuwepo Pajero nyeupe. Kessler aliiegemea, kofia usoni.

Hakuwa na kitu mkononi. Alikuwa anasubiri.

Octavian alipitisha macho. Sanduku? Hakuna. Godoro? Hakuna. Kapu la nyanya lilikuwepo, akaligusa kwa mguu. Lilikuwa kapu la nyanya.

"Kizazi hiki!"

Alikuwa bibi mmoja aliyeshuka na fimbo, akiuambia ulimwengu mzima hasira zake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hebu niamulie, mjukuu wangu. Mimi Perpetua nimepakata watoto wa watu tangu nikiwa msichana. Mwanamke kasimama tangu Kilosa, treni imejaa, kakumbatia kichanga. Namwambia, mwanangu, nipe nikupakatie. Hataki! Wakampisha kiti, akakaa, namwambia nifunue nimwone. Hataki! Nimemla nani mimi? Na nguo alizomfunika zimelowa tepetepe. Mtoto atapata kichomi!"

Octavian aliganda.

"Yuko wapi, bibi?"

"Si yule pale!"

Mwanamke alikuwa anatembea kuelekea kwenye Pajero, hatua ndogo ndogo, kama aliyebeba bakuli la mchuzi uliojaa. Alikuwa Aneth, karani wa Kessler, ambaye kila asubuhi alikuwa anaingia karakanani kuomba maji ya moto ya chai. Kimamba nzima ilijua kwamba Aneth hana mtoto. Na leo asubuhi Octavian alipishana naye mlangoni, khanga zimetuna kifuani, akamwitikia salamu bila kumtazama. Macho yake yalikuwa kwenye bega la Yassin.

Alimkata njia.

"Hongera, dada. Nipe nimpakate."

Uso wa Aneth ukabadilika rangi. "Amelala, kaka."

"Nitampakata hivyohivyo."

"Bwana Kessler!" Aneth alipiga ukelele.

Kofia ikainuka. Chini yake ilikuwepo bastola ya Beretta.

Pa!

Risasi ilimpiga Octavian katikati ya kifua. Alirushwa nyuma, akaanguka chali kwenye kokoto. Mbingu ya Mikumi ilikuwa ya buluu na pumzi haikuwepo. Watu walitawanyika. Aneth aliruka kwa hofu, mikono ikafunguka, kichanga kikaanguka kwenye reli.

"Mtoto jamani!" bibi Perpetua alilia.

Hapakuwa na kilio kingine. Khanga zilifunguka, na ndani yake kulikuwa na vipande vya udongo mweupe na nyuzi nyeusi.

"Toba," bibi alisema. "Chungu?"

Kessler alichukua hatua moja kuelekea kwenye vipande. Moja tu. Octavian, akiwa bado chali, aliinua Browning.

Pa!

Beretta ikaruka, Kessler akashika kifundo cha mkono na kupiga magoti. Yassin alikuwa juu yake kabla hajamaliza kutukana.

Octavian aliinuka. Alijikongoja hadi relini, akavisaga vipande kwa kisigino mpaka hakikubaki hata kimoja kinachoonyesha safu yake. Kwa mbali injini ya ndege iliwaka. Baada ya muda ikapita juu yao na viti vitupu.

"Kituo, Ngiri hapa. Mzigo umeharibiwa. Wawili mikononi. Ova."

"Na mtuhumiwa wako? Ova."

Alimtazama Yassin, ambaye alikuwa anawafunga Kessler na Aneth kwa kamba ya mkonge.

"Hakuwa yeye, mama. Ova."

Letisia, aliyepashwa habari na Kituo, alifika na lori la karakana, mavumbi mpaka kwenye kope. Aliruka kabla halijasimama. Alimpita Octavian. Hakumpita kwa ubaya; alimpita tu, kama mtu anavyopita mlango alioujua zamani. Alimshika Yassin mashavu, akamgeuza huku na huku, kisha mkono ukateremka kifuani na kukuta shati tupu.

"Bamba lako liko wapi?"

Yassin alionyesha kwa kidevu.

Letisia aligeuka. Alikuja mpaka karibu kabisa, karibu kama zamani, akafungua shati la Octavian na kuweka vidole vyote kumi juu ya kifua chake. Octavian aliacha kupumua. Vidole vilitembea polepole kutoka katikati kwenda pembeni, na ilimchukua muda kuelewa kwamba vilikuwa vinafuata ufa.

"Haujatokeza nyuma," Letisia alisema, macho yanang'aa. "Umeona, Yassin? Safu ya mwisho imeukamata!"

"Nimeona."

Ndipo alipoinua macho. Sauti ikashuka. "Pole, Octavian. Na asante. Lilikukaa vizuri?"

Octavian alifungua mikanda mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, akavua bamba, akamkabidhi mwenye nalo, Yassin.

"Lilibana kidogo," alisema.

Akafunga vifungo vya shati, akawasha sigara ya Sportsman, akatembea kuelekea kwenye Land Cruiser. Kila alipovuta moshi kifua kilimuuma. Hakugeuka nyuma.